Kutoka Mawe ya Redio hadi Betri Inayooza: Historia ya Nishati ya Mkononi na Mabaki Yake Songea, 1951–2025

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya nishati ya mkononi katika Songea, Mkoa wa Ruvuma, kuanzia kipindi redio ya betri ilipoanza kuwafikia wasikilizaji wa Tanganyika hadi majaribio ya maabara ya miaka ya 2020 yanayotafuta betri laini, zenye kuvutika na kuoza, kwa ajili ya vifaa vya kielektroniki vinavyovaliwa mwilini. Hoja kuu ni kwamba kwa zaidi ya nusu karne betri kavu ilikuwa ndiyo gridi ya watu wasio na gridi, lakini mwisho wa betri hiyo haukuwa jukumu la yeyote kati ya waliofaidika na mauzo yake. Jukumu hilo lilibaki kwa kaya, na kaya ililitekeleza kwa njia ilizokuwa nazo: jua, ubao wa shule, jalala na shimo la choo. Insha inahitimisha kuwa sifa ya kuoza haiwezi kupimwa maabara pekee. Inapaswa kupimwa pia kwa historia ya mahali ambapo kitu kitatupwa.

1.0 Utangulizi

Historia ya betri imezoeleka kusimuliwa kama orodha ya wavumbuzi. Msimulizi huanza na Alessandro Volta mwaka 1800, akapita kwa Georges Leclanché mwaka 1866 na Carl Gassner aliyeipatia hataza betri kavu mwaka 1886, kisha akafika kwenye betri ya lithiamu iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991. Katika masimulizi hayo, mahali kama Songea hapana nafasi. Hakuna betri iliyovumbuliwa Songea, wala hapajawahi kuwa na kiwanda cha kuitengeneza.

David Edgerton, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu teknolojia na historia ya dunia, alipinga mtazamo huo. Alidai kuwa historia ya teknolojia inapaswa kufuata matumizi badala ya uvumbuzi, kwa sababu uvumbuzi hutokea mara moja na mahali pamoja, ilhali matumizi huenea, hudumu na hubadilika. Joshua Grace ametumia mtazamo unaokaribiana na huo kuandika historia ya magari nchini Tanzania (2021), akiwaweka mafundi, madereva na abiria katikati ya masimulizi. Insha hii inafuata njia hiyo, lakini inaongeza hatua moja ambayo hata historia ya matumizi huisahau mara nyingi, nayo ni utupaji. Kifaa hakiishi pale kinapoacha kufanya kazi. Kwa betri kavu, miezi michache ya kazi hufuatwa na miaka mingi ya kuwa taka.

Songea inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, mji huu ulio takriban kilomita 950 kwa barabara kutoka Dar es Salaam uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na katika miaka ya mwisho umeme wa maporomoko madogo ya maji; vijiji vingi havikuwa na umeme wowote. Pili, milima ya Matogoro iliyo pembezoni mwa mji ndiyo chanzo cha Mto Ruvuma, unaotiririka hadi Bahari ya Hindi na kuwa mpaka kati ya Tanzania na Msumbiji kwa sehemu kubwa ya safari yake. Kinachozikwa katika ardhi ya Songea kinazikwa juu ya vyanzo vya maji vya watu wengi walio mbali na Songea.

2.0 Maneno na Vitu

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, ni muhimu kufafanua vitu vinavyozungumzwa. Katika Kiswahili cha kila siku, betri kavu ziliitwa pia mawe: mawe ya tochi, mawe ya redio. Jina hilo linabeba maarifa. Jiwe ni kitu kigumu, kizito, kisicho na uhai, ambacho hakiozi. Hata hivyo jiwe la redio lilisemwa kuwa limekufa, na msemo huo ulilipa uhai baada ya kuunyima katika jina lake.

Kikemia, betri kavu ya kawaida ni kopo la zinki. Ndani yake mna unga mweusi wa dioksidi ya manganizi uliochanganywa na kaboni, kijiti cha kaboni katikati, na uji wa chumvi ya kloridi ya amonia au kloridi ya zinki. Hutoa volti 1.5. Jambo la kuzingatia ni kuwa kopo la zinki ni chombo na pia ni kuni. Betri inapofanya kazi hula ukuta wake yenyewe, na ukuta ukishatoboka, uji hutoka. Ndiyo maana betri iliyosahaulika ndani ya redio huvuja na kuziharibu springi za redio. Ili kupunguza kasi ya zinki kuliwa bila kazi, watengenezaji wa zamani walitia zebaki kidogo, na zinki yenyewe iliweza kuwa na risasi na kadimiamu.

Ni vyema pia kutofautisha dhana tatu ambazo huchanganywa. Betri inayonyumbulika hukunjwa bila kuvunjika. Inayovutika hurefuka pamoja na ngozi au nguo na kurudi katika umbo lake. Inayooza huvunjwavunjwa na maji na viumbe wadogo wa udongoni hadi ikawa viambato visivyodhuru. Betri inaweza kuwa na sifa moja bila kuwa na nyingine. Zaidi ya hayo, kuoza si sawa na kutoweka. Kitu huoza katika hali fulani za unyevu, joto na hewa. Hali hizo zisipokuwepo, hukaa.

3.0 Sauti Isiyo na Waya, 1951–1967

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Martin Sturmer, katika historia yake ya vyombo vya habari nchini Tanzania (1998), ameeleza jinsi huduma hiyo ndogo ilivyokua hadi kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956 na hatimaye Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa wakazi wa Songea, kikwazo hakikuwa masafa peke yake. Redio za mwanzo zilitumia vali za kioo zilizohitaji umeme mwingi. Katika koloni jirani la Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, serikali ilishirikiana na kampuni ya Ever Ready mwaka 1949 kuuza redio ya bei nafuu yenye umbo la sufuria, iliyotumia betri kavu kubwa. Mfano huo uliwaonyesha watawala wa Afrika Mashariki kuwa wasikilizaji wa vijijini wangeweza kufikiwa bila nguzo wala waya.

Mabadiliko makubwa yalikuja na transista. Redio ya kwanza ya transista iliyouzwa kwa umma ilitoka Marekani mwaka 1954, na katika muongo uliofuata redio ndogo zilizotumia betri chache za kawaida zilienea duniani. Kwa Songea, kuenea huko kulitegemea fedha. Iliffe (1979) ameonyesha kuwa tangu enzi za ukoloni wilaya hii ilikuwa hazina ya vibarua waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na kwamba tumbaku ya kukaushwa kwa moshi ilikuwa njia mbadala ya kupata fedha bila kuondoka nyumbani. Chama Kikuu cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, kilichoundwa katika miaka ya 1930, kilikusanya tumbaku ya Wangoni na kahawa ya Wamatengo. Redio, baiskeli na cherehani viliingia nyumbani kwa njia hiyo hiyo: kwa mshahara wa mkonge au malipo ya msimu.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya vitu hivyo. Baiskeli na cherehani vilinunuliwa mara moja vikatengenezwa kwa miaka. Redio ilinunuliwa mara moja, lakini sauti yake ilinunuliwa upya kila betri zilipokwisha. Kaya yenye redio iliingia katika wajibu wa fedha taslimu usio na mwisho, katika uchumi ambao fedha taslimu ilionekana kwa msimu. Ndipo zilipozaliwa mbinu zinazofahamika kote nchini: kuzianika betri juani ili zipate nguvu ya muda, kufungua redio wakati wa taarifa ya habari tu, na kuunganisha betri nyingi zilizochoka ili kwa pamoja zitoe nguvu ya chache nzima. Mbinu hizi zina msingi wa kikemia, kwa kuwa joto huongeza kasi ya mmenyuko ndani ya uji wa betri. Kuziita ushamba ni kutoelewa kuwa zilikuwa majaribio ya watu waliokuwa na sababu ya kujaribu.

Siasa nazo ziliongeza thamani ya sauti hiyo. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilivyoanza Septemba 1964 vilipiganwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, na FRELIMO ilitangaza kupitia mitambo ya Dar es Salaam. Katika mkoa wa mpakani, kujua kinachoendelea kulikuwa suala la usalama, na ujuzi huo ulipita katika betri.

4.0 Kujitegemea kwa Betri ya Kununua, 1967–1986

Kampuni ya Matsushita Electric ya Japani ilianzisha tawi lake Dar es Salaam mwaka 1966, na betri zake zenye nembo ya National zikawa za kawaida katika maduka ya nchi nzima. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha liliufanya ujamaa na kujitegemea kuwa sera ya taifa. Mambo haya mawili husimuliwa katika vitabu tofauti, lakini vijijini yalikutana.

Serikali iliitumia redio kama shule. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ndiyo mfano mashuhuri zaidi. Kwa mujibu wa Budd Hall, aliyeshiriki katika kuiandaa na kuitathmini, takribani watu milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza vipindi vya redio, kusoma vitabu vidogo na kujadili, kisha kutekeleza waliyokubaliana. Moja ya matokeo yake yaliyoonekana wazi ni kuchimbwa kwa vyoo. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Vikundi hivyo vilikusanyika kuzunguka redio moja, na redio hiyo ilihitaji betri.

Hapa pana utata ambao wanahistoria wa kampeni hizo hawajaupa uzito unaostahili. Ujumbe wa kujitegemea ulisafiri ndani ya kifaa kisichoweza kujitegemea. Kijiji kiliweza kulima, kujenga shule kwa matofali yake na kuchimba kisima kwa mikono yake. Hakikuweza kutengeneza betri. Hilo halimaanishi kuwa sera ilikuwa ya unafiki. Linamaanisha kuwa nishati ya mkononi ilikuwa mahali ambapo mpaka wa kujitegemea ulionekana waziwazi, kila mwezi, dukani.

Mpaka huo ulizidi kuonekana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa kampuni za biashara za mikoa zilizoundwa baada ya Shirika la Biashara la Taifa kugawanywa mwaka 1973. Kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Vita vya Kagera vya 1978–1979 na uhaba wa fedha za kigeni viliifanya bidhaa ya dukani kuwa adimu: sukari, sabuni, khanga, mafuta ya taa, na betri. Kwa mkoa ulio mwisho wa barabara mbovu, uhaba wa Dar es Salaam uliongezeka njiani. Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika katikati ya miaka ya 1980. Kabla yake, masika yalikuwa kizuizi kingine juu ya uhaba.

Matokeo ya uhaba huo kwa historia ya taka yanastahili kutajwa. Katika kipindi ambacho betri ilikuwa adimu, kila betri ilitumiwa hadi tone la mwisho na sehemu zake zikapewa kazi nyingine. Wingi wa taka ulikuwa mdogo. Tatizo la mabaki ya betri halikuletwa na redio yenyewe; lililetwa na wingi uliofuata.

5.0 Soko Huria, Simu na Gridi, 1986–2018

Kulegezwa kwa masharti ya uagizaji kuanzia mwaka 1984 na Mpango wa Kufufua Uchumi wa mwaka 1986 vilifungua maduka. Betri za bei nafuu kutoka Asia, zikiwemo zenye nembo ya Tiger Head kutoka Guangzhou, zilienea barani Afrika. Bei ilishuka, na kwa kawaida muda wa kudumu ulishuka nayo. Kaya iliyonunua betri mbili nzuri kwa msimu sasa iliweza kununua betri dhaifu mara nyingi zaidi. Katika hesabu ya fedha iliyo mkononi siku hiyo, uamuzi huo ulikuwa wa busara. Katika hesabu ya mabaki, ulikuwa mwanzo wa mrundikano.

Baadaye zikaja tochi za taa ndogo za diodi, zilizochukua nafasi ya koroboi katika nyumba nyingi. Kwa afya ya macho na mapafu, na kwa usalama dhidi ya moto, mabadiliko hayo yalikuwa ya heri. Lakini tochi nyingi zilitegemea betri, na mara nyingi tochi yenyewe haikutengenezeka. Simu za mkononi nazo zilileta betri ya lithiamu, yenye nguvu zaidi na yenye hatari zaidi ikitobolewa au kuchomwa. Huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini mwaka 2008, simu iliyozimika ilimaanisha pia pochi iliyofungwa. Vibanda vya kuchaji simu kwa jenereta au paneli ya jua vikawa biashara ya kawaida katika vijiji visivyo na umeme.

Umeme wa waya ulifika kwa hatua. Wabenedikto wa Peramiho, waliofika mwaka 1898, na baadaye masista wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, walikuwa na mitambo yao ya maji. Mradi wa Tulila wa masista hao katika Mto Ruvuma uliuzia TANESCO umeme uliofika Songea. Njia kuu ya kilovolti 220 kutoka Makambako, iliyojengwa kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na Uswidi, ndiyo iliyouingiza mji katika gridi ya taifa mwaka 2018. Mkoa huu una makaa ya mawe Ngaka, wilayani Mbinga, na urani katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Hata hivyo kwa miongo mingi mwanga wa nyumba zake ulitoka katika makopo ya zinki yaliyosafirishwa kutoka mbali.

Kufika kwa gridi hakukuondoa betri. Kulibadilisha kazi yake, kutoka taa ya nyumba kwenda vifaa vya mwilini na mkononi: simu, saa, vifaa vya kusaidia kusikia, vipima joto na vipima sukari. Ni katika hatua hii ndipo historia ya Songea inapokutana na utafiti wa betri za kuvaliwa.

6.0 Maisha ya Pili na Kaburi la Betri

Betri iliyokufa ilikuwa na kazi. Unga wake mweusi ulipondwa na kuchanganywa na maji, mkaa au majani ili kupaka upya ubao wa shule. Kijiti chake cha kaboni kilikuwa chaki ya watoto na kichezeo. Kopo lake lilikuwa gurudumu la gari la kuchezea. Desturi hizi zimeenea Afrika Mashariki yote, na kwa mtazamo wa matumizi ya rasilimali zinastahili heshima, kwa kuwa shule isiyo na bajeti ya rangi ilipata ubao mweusi bila gharama.

Lakini heshima hiyo isifiche gharama. Unga uliopakwa ubaoni ulikuwa na manganizi, na manganizi ikivutwa kama vumbi kwa muda mrefu huathiri mishipa ya fahamu. Betri za miongo hiyo ziliweza kuwa na zebaki, risasi na kadimiamu. Mwalimu aliyepaka ubao na mtoto aliyeponda betri kwa jiwe hawakuambiwa hayo. Maandishi yaliyokuwa juu ya betri yalitangaza nguvu na nembo. Hayakueleza kilichomo ndani kwa lugha ambayo mtumiaji angeielewa.

Njia nyingine ya kuiondoa betri ilikuwa kuitumbukiza katika shimo la choo. Kwa mzazi, huo ulikuwa uamuzi wa kuwajibika, kwani betri ilitolewa mahali ambapo mtoto au ng'ombe angeifikia. Hapa historia inakunja duara lisilotarajiwa. Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyosikilizwa kwa betri, ilihimiza uchimbaji wa vyoo kwa ajili ya kulinda maji. Na baadhi ya vyoo, kama desturi inavyoonyesha, vikawa makaburi ya betri. Metali zilizokusudiwa kuwekwa mbali na watoto ziliwekwa karibu na maji ya chini ya ardhi. Hakuna aliyekosa busara katika mlolongo huu. Kilichokosekana ni mahali pa kuirudisha betri, na mtu ambaye sheria ilimtaka aipokee.

Sheria ilichelewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka msingi wa jumla kuhusu taka hatarishi, na kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki zikatolewa mwaka 2021. Kati ya kuanza kwa utangazaji na kanuni hizo ni miaka 70. Katika kipindi chote hicho mnyororo wa kuileta betri Songea ulikuwepo na ulifanya kazi, hata katika miaka ya uhaba. Mnyororo wa kuirudisha haukuwahi kujengwa.

7.0 Betri Inayovutika na Kuoza

Utafiti wa betri laini zisizodhuru mazingira umeshika kasi katika muongo huu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, wakiongozwa na Liangbing Hu, walieleza betri ya zinki yenye kitosani, kiambato kinachotokana na maganda ya kaa na kamba, ambacho huoza udongoni kwa takribani miezi mitano. Mwaka huohuo maabara ya Empa ya Uswisi ilionyesha betri ya karatasi yenye wino wa zinki na grafiti, inayoanza kufanya kazi ikitiwa matone ya maji. Mwaka 2023 taasisi ya teknolojia ya Italia ilitengeneza betri inayoweza kuliwa, iliyotumia vitamini B2 na kwesetini, viambato vinavyopatikana katika vyakula.

Kwa upande wa kuvutika, watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, walitangaza mwaka 2025 betri ambayo elektrodi zake ni uji mzito kama dawa ya meno. Uji huo una polima zinazopitisha umeme pamoja na lignini, kiambato cha miti kinachobaki katika utengenezaji wa karatasi. Betri hiyo iliweza kuvutwa hadi mara mbili ya urefu wake na kuchajiwa zaidi ya mara 500, ingawa nguvu yake ilikuwa takribani volti 0.9 tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, nao wametumia jelatini pamoja na asidi za asili kama ile ya ndimu, na elektrodi za magnesiamu na molibdeni, kisha wakaikata betri kwa mtindo wa sanaa ya karatasi ya Kijapani ili iweze kuvutika.

Tukizitazama betri hizi kutoka Songea, jambo moja linajitokeza. Betri ya zinki ya mwaka 1970 ilikuwa ikijila yenyewe na kuvuja. Huo ulikuwa ugonjwa wake. Betri mpya zinakusudiwa kujila na kuyeyuka. Hiyo ndiyo sifa yake. Mmenyuko ule ule wa metali kuliwa na maji na chumvi umehama kutoka upande wa kasoro kwenda upande wa ubunifu. Tofauti iko katika viambato vilivyozunguka metali hiyo, na katika swali la nani amepanga mwisho wake.

8.0 Vigezo vya Songea

Historia iliyoelezwa inatoa vigezo vinne ambavyo betri yoyote inayodai kuwa rafiki wa mazingira inapaswa kupimwa navyo.

Cha kwanza ni kuozea wapi. Majaribio mengi hufanyika katika udongo wenye unyevu na joto vinavyodhibitiwa. Songea ina masika kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiangazi kirefu baada ya hapo. Betri inayotupwa Juni jalalani itakaa kavu kwa miezi mingi; inayotumbukizwa chooni itakaa mahali pasipo na hewa ya kutosha. Hakuna kati ya mazingira hayo mawili linalofanana na kitalu cha maabara.

Cha pili ni muda wa kudumu. Soko huria lilionyesha kuwa betri ya bei nafuu inayokufa haraka huongeza mabaki hata kama kila moja ni ndogo. Betri inayooza ikidumu robo ya muda wa betri ya kawaida, kaya italipa mara nne, na vifungashio, waya na saketi zilizoambatanishwa nayo zitatupwa mara nne. Kifaa cha kuvaliwa si betri pekee. Betri inaweza kuoza ikaacha shaba na plastiki vilivyoizunguka.

Cha tatu ni malighafi. Lignini, selulosi na wanga si vitu vigeni katika Nyanda za Juu Kusini. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, hutenganisha lignini na nyuzi za misonobari katika kazi yake ya kila siku, na maji meusi yaliyo na lignini huchomwa kama nishati. Mabua ya mahindi yanapatikana kila msimu. Uwezekano wa kujitegemea ambao betri ya zinki haikuwahi kuutoa upo hapa kwa mara ya kwanza. Lakini uwezekano si mpango. Malighafi ikisafirishwa ghafi na betri ikarudi kama bidhaa, mpaka ule wa mwaka 1973 utakuwa umechorwa upya, na safari hii kwa wino wa kijani.

Cha nne, ambacho ni kizito kuliko vyote, ni wajibu. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilionyesha kuwa Serikali inaweza kubadili desturi ya nchi nzima kwa muda mfupi. Vilevile lilionyesha hatari ya neno mbadala, kwani mifuko isiyokidhi viwango iliingia sokoni chini ya jina hilo na ikalazimu hatua zaidi kuchukuliwa. Neno linalooza linaweza kutumiwa vivyo hivyo. Hatari iliyopo ni kwamba sifa hiyo itakuwa sababu mpya ya kutojenga mnyororo wa kurudisha: kwa kuwa kitu kitaoza, kwa nini kikusanywe? Hapo jukumu litakuwa limehamishwa kwa mara ya pili, kwanza kutoka kwa mtengenezaji kwenda kwa kaya, na sasa kutoka kwa kaya kwenda kwa udongo.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kuwa betri ilifika Songea kabla ya gridi, ikaleta habari, elimu, mwanga na fedha, na kwamba wakazi waliitumia kwa ubunifu mkubwa kuliko waliyoibuni walivyotarajia. Imeonyesha pia kuwa mabaki yake yaliachwa mikononi mwa watu wasiopewa taarifa wala mahali pa kuyapeleka. Kwa hiyo si sahihi kuieleza hali ya taka za betri vijijini kuwa ni matokeo ya ukosefu wa elimu kwa watumiaji. Ni matokeo ya mpangilio wa kibiashara uliokuwa na njia ya kwenda bila njia ya kurudi.

Mchango wa insha katika mjadala wa betri zinazovutika na kuoza ni kupendekeza kuwa majaribio ya kuoza yafanywe pia katika udongo, majalala na misimu ya maeneo kama Songea, na kwamba kanuni za mwaka 2021 zisomwe kuwa zinaihusu betri inayooza kama zinavyoihusu ya zinki na ya lithiamu. Utafiti zaidi unahitajika katika mambo mawili: kiasi cha metali kilichomo katika udongo na maji ya visima karibu na vyoo na majalala ya zamani, na kumbukumbu za walimu na mafundi redio waliohudumu kati ya miaka ya 1970 na 1990. La pili ndilo la haraka zaidi. Udongo utangoja, lakini wazee waliopaka mbao za shule kwa unga wa betri wanapungua kila mwaka, na wanayoyajua hayajaandikwa popote.